Mohamed yupi?

Fungua tasnifu yoyote ya fasihi ya Kiswahili iliyogusa riwaya ya Zanzibar, nenda mwisho kwenye marejeo, teremka mpaka herufi M. Utakuta "Mohamed, M. S. (1976)" na chini yake "Mohamed, S. A. (1980)". Wa kwanza ni Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema. Wa pili ni Said Ahmed Mohamed, wa Utengano, Dunia Mti Mkavu, Babu Alipofufuka na rundo zima la vitabu. Sasa rudi katikati ya tasnifu hiyohiyo. Utasoma "Mohamed anamchora mwanamke kama mhanga wa mfumo", na kurasa mbili mbele "Mohamed anatumia jazanda ya safari". Mohamed yupi? Mwanafunzi alikuwa na haraka, msimamizi naye alikuwa na haraka, na wewe msomaji ubahatishe.

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ya kwanza kila siku ni kuhakikisha majina. Ndiyo maana jambo hili linanikera kuliko pengine inavyostahili. Lakini nimelichunguza kwa muda sasa na naona si la wachapaji na wasahihishaji peke yao. Mmoja katika hawa wawili amemmeza mwenzake. Aliyemezwa, kwa maoni yangu, ndiye aliyeandika riwaya bora zaidi miongoni mwa zote zilizotoka Zanzibar katika miaka ya sabini. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na hilo jina.

Hapa Vitongoji ukimuuliza mtu mzima jina la ukoo wake, atakutazama kidogo. Anajua ukoo wake, tena vizuri mno, anaweza kukuhesabia mpaka baba wa sita. Lakini ukoo haumo katika jina. Jina lake ni jina lake, likifuatiwa na la baba, likifuatiwa na la babu. Zamani tulikuwa na "bin" na "binti" za kuonesha kazi hiyo waziwazi: Muyaka bin Haji, Mwana Kupona binti Mshamu. Kila mtu akielewa kuwa Haji ni baba wa Muyaka, na hapakuwa na mtu aliyemwita Muyaka "Bwana Haji". Kisha zikaja fomu, daftari za skuli, pasi za kusafiria, na visanduku vitatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la mwisho. "Bin" ikadondoka njiani. Babu akajikuta kwenye kisanduku cha mwisho, na kule Ulaya na Marekani, ambako ndiko orodha za maktaba zilikotungiwa kanuni, jina la mwisho ndilo linalotangulia.

Basi ukitafuta Said kwenye maktaba, unamtafuta kwa jina la babu yake. Na ukimtafuta Mohamed Suleiman Mohamed, hata hujui unamtafuta yeye au unamtafuta babu, maana jina ni lilelile mwanzo na mwisho. Kwa kawaida yetu hiyo ni alama ya mapenzi: mtoto wa kiume amezaliwa, baba yake kampa jina la baba yake. Haji Gora Haji wa Tumbatu ni hivyohivyo. Adam Shafi ndiye aliyepata taabu kuliko wote. Utamkuta Adam Shafi, utamkuta Adam Shafi Adam, na kwenye orodha za vitabu vya skuli utamkuta Shafi Adam Shafi, kana kwamba mtu amelishika jina akaligeuza ndani nje kama fulana. Ni mtu mmoja, mwandishi wa Kuli na Vuta N'kuvute. Muhammed Said Abdulla, baba wa hadithi ya upelelezi ya Kiswahili, yeye yumo kwenye A, mbali na hawa wawili, ingawa jina lake la kwanza ni lilelile la mtume. Wenye majina ya nisba au ya jadi, akina Gurnah na akina Ghassany, wao wamesalimika. Ukisema Gurnah, hakuna anayeuliza yupi, na hilo lilikuwa kweli hata kabla ya Nobel ya 2021.

Kwa hiyo Mohamed hawa wawili si ndugu kwa jina. Hawana ukoo wa pamoja unaotajwa na jina hilo, hawakurithi shamba moja wala kaburi moja. Wana babu wawili tofauti ambao wote wawili, kama wanaume chungu nzima wa visiwa hivi, waliitwa Mohamed. Kilichowaweka pamoja ni rafu.

Said Ahmed Mohamed sisi Wapemba tunamdai. Alizaliwa kisiwani hapa mwaka 1947, na mtu aliyekulia Pemba akisoma mashairi yake ya Sikate Tamaa au hadithi za Si Shetani si Wazimu atakutana na maneno ambayo hajapata kuyaona yamechapwa, maneno aliyoyasikia kwa bibi yake tu. Ameandika riwaya, tamthilia, mashairi, hadithi fupi, kwa zaidi ya miongo mitatu bila kupumzika. Kenya wamemsomesha kuliko sisi: Utengano na Kitumbua Kimeingia Mchanga vilikuwa vitabu vya lazima kwa mtihani wa sekondari, na kuna kizazi kizima cha vijana wa Nakuru na Kisumu wanaoijua habari ya Maimuna ilhali vijana wa Wete hawaijui. Amefundisha Osaka, Japani, na baadaye Bayreuth, Ujerumani, ambako alikuwa profesa.

Na hapo ndipo jina linapozidi kuchafua mambo. Kama mtaalamu, Said Ahmed Mohamed hatii saini kwa jina hilo. Makala zake za uhakiki zimeandikwa na Said A. M. Khamis. Hakuna ujanja hapo: A ni Ahmed, M ni Mohamed, Khamis ni jina linalofuata nyuma zaidi. Ni mnyororo uleule, isipokuwa ameukamata kwenye pete nyingine. Mwaka 2001 Khamis alichapisha kwa Kiingereza makala kuhusu Kusadikika ya Shaaban Robert. Mwaka huohuo Mohamed alichapisha Babu Alipofufuka. Ukizisoma pamoja unamwona mtu mmoja akipima jinsi mwandishi wa zamani alivyojenga nchi ya kubuni ili aseme ukweli, huku kwa mkono mwingine akijenga nchi yake mwenyewe ya kubuni. Ni bahati kubwa kwa mhakiki kupata kitu kama hicho. Lakini kwenye marejeo Khamis yuko K na Mohamed yuko M, na nimeona maandishi yanayomleta Khamis kuja kueleza mambo ya riwaya ya Kiswahili na Mohamed kuja kuelezwa, bila dalili yoyote kuwa mwandishi anajua amemwita mtu mmoja mara mbili.

Tazama basi hesabu ilivyokaa. Said amegawanywa akawa watu wawili. Wakati huohuo nusu yake moja imeunganishwa na mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo mwingine hakuandika vingi. Kiu ilitoka 1972, Nyota ya Rehema ikafuata 1976, kisha hadithi fupi za Kicheko cha Ushindi mwaka 1978. Riwaya mbili na mkusanyiko mmoja. Mtu mwenye vitabu vitatu akiwekwa ubavuni mwa mwenye vitabu zaidi ya ishirini, kwa jina moja, matokeo yake unayajua. Nimeshaona Nyota ya Rehema ikitajwa mtandaoni kuwa ni ya Said. Nimeona pia Kiu ikiitwa kazi ya awali ya mwandishi wa Utengano, kosa ambalo lina mantiki yake: miaka inaafikiana, maudhui yanafanana, jina ndilo hilo. Ukiwa huna sababu ya kutilia shaka, hutatilia shaka.

Sasa na tusome. Rafu, ilivyo jinga, imefanya jambo moja la maana: imeziweka Nyota ya Rehema na Utengano bega kwa bega, na kwa kweli riwaya hizi mbili zinazungumza. Zimepishana miaka minne. Zote mbili zina baba mwenye mali. Zote mbili zina binti aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo na ambaye nyumba hiyo haimtaki, au inamtaka kwa namna inayomnyonga. Katika zote mbili binti anatoroka, anaangukia mjini, na mji unamfanya mji unavyowafanya wasichana wasio na mtu. Na zote mbili zinauliza kile ambacho jina letu la visanduku vitatu linakificha: baba anampa nini hasa binti yake?

Maana mwanamke wa kwetu haolewi jina. Mume anakuja na kuondoka, jina la baba linabaki palepale mpaka kwenye cheti cha kifo. Rehema ni binti Fuad siku anapozaliwa, ni binti Fuad anapokimbia, na bado ni binti Fuad anapokuwa mke wa Sulubu na kulima naye kwa jembe. Fuad ni bwana mashamba mwenye asili ya Kiarabu, mama wa mtoto ni Aziza, na mtoto alipotoka akiwa na weusi ambao Fuad hakuutaka, mapenzi yakakauka. Hakuna kitu kingine alichokosa Rehema. Rangi tu. Mohamed Suleiman Mohamed analiandika hili bila kupiga kelele, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Fuad hapewi pembe za shetani. Anapewa aibu, anapewa majirani, anapewa nyumba nzuri inayohitaji mtoto wa kufanana nayo. Unamchukia pole pole, na unapokuwa umemchukia kabisa umeshaelewa kwamba alivyo ndivyo jamii ile ilivyomtaka awe.

(Kwa njia, mabwana mashamba wawili wa riwaya ya Zanzibar wa wakati ule wanaitwa Fuad. Huyu, na yule wa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, 1978. Mhakiki anayetaka kazi ya siku mbili, kazi hiyo hapo.)

Utengano una Bwana Maksuudi. Naye ana mali na cheo, na binti yake Maimuna amefungiwa ndani, haoni jua ila la uani. Siku mama yake Tamima anapojifungua, nyumba iliyofungwa inafunguka, na Maimuna hatimaye anatoka. Kutoka hapo Said anakwenda mbio. Kuna kisasi kilichopikwa miaka mingi, kuna mkunga Bi Farashuu mwenye kinyongo chake, kuna Kazija, mwanamke ambaye nyumbani kwake Maksuudi anakuja kukutana uso kwa uso na mwanawe wa kumzaa, Mussa, kila mmoja amemfuata mwanamke yuleyule. Nani atakisahau kisa hicho? Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, na nikaona haya kucheka. Ni mchezo wa kuigiza ulioingia kwenye riwaya, na Said ni mtunzi wa tamthilia, anajua wakati gani watu wawili waingie mlango mmoja.

Lakini kisa hichohicho ndicho kinachonionesha tofauti. Katika Utengano, Maksuudi anaadhibiwa na mwandishi. Wanawake wanapanga, mambo yanapangika, mlango unabishwa kwa wakati wake. Tunafurahi, kwa sababu Maksuudi anastahili. Katika Nyota ya Rehema hakuna anayempangia Fuad chochote. Anakufa kama watu wanavyokufa, na uzito wote unamwangukia aliyebaki: ardhi ni ya nani, nani mtoto na nani si mtoto, na mkulima mwenye mikono yenye sugu ana ushahidi gani mbele ya watu wenye karatasi. Sulubu jina lake linamtosha. Riwaya hii imewekwa katika Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, na msomaji anayajua yanayokuja ambayo wahusika hawayajui. Mwandishi hayatumii hayo kukufariji. Angeweza kuimaliza kwa bendera. Wengi wa wakati wake walimaliza kwa bendera, na wala siwalaumu, zama zilitaka hivyo.

Najua nitaambiwa sitendi haki, kwamba nazipima riwaya mbili kwa kipimo kimoja. Utengano inataka kutikisa, na imetikisa: kitabu kilichoandikwa 1980 kuhusu kumfungia mtoto wa kike ndani bado kinawafanya watu wazima wa mwambao wote wajikune shingo. Nyota ya Rehema haina nguvu hiyo ya kofi. Ni kweli. Pia sentensi za Said ni tajiri zaidi, zina chumvi na ndimu, wakati mwenzake anaandika Kiswahili kilichonyooshwa pasi. Kuna kurasa katika Nyota ya Rehema ambapo maelezo ya mandhari yanakwenda mno, bustani, machweo, upepo, mpaka unataka kumwambia haya basi, turudi kwa Rehema. Hata hivyo nikiambiwa nichague kimoja cha kumpa msomaji asiyejua lolote kuhusu visiwa hivi, nitampa Nyota ya Rehema, na sitafikiri mara mbili. Kinamwonesha dhulma inavyokaa nyumbani kwa heshima zake zote, inakunywa kahawa, inaswali, inaulizia afya za watoto.

Kiu nayo inahitaji msemaji. Ni riwaya fupi kuliko unavyoikumbuka: Mwinyi mzee mwenye pesa, Bahati msichana, Idi kijana. Mwinyi ana kiu ya Bahati, Idi ana kiu ya pesa, na Bahati katikati ana kiu ya kupendwa tu. Hebu yatazame hayo majina. Bahati asiye na bahati, Idi ambaye hakuleta sikukuu nyumbani kwa mtu. Ukichanganya na Rehema ambaye hakuna aliyemrehemu, unaona kwamba mtu huyu alikuwa akiwapa wahusika wake majina kama wazazi wetu wanavyotupa, yaani kama dua. Kisha akatuandikia jinsi dua ilivyokataliwa. Inaniuma kuwa mwandishi aliyeyajali majina namna hii ndiye ambaye la kwake limepotea ndani ya la mwenzake.

Said yeye amekwenda njia ya pili. Kadiri miaka ilivyoendelea, wahusika wake wamepungukiwa majina. Mkubwa wa serikali katika Babu Alipofufuka anaitwa K. Herufi moja tu. Wahakiki wamekwishamtaja Kafka hapo, na sawa, profesa wa Bayreuth hawezi kuwa hakumsoma Kafka. Lakini mtu wa Pemba anaona jingine. Anayemfufukia K usiku na kumburuza akatazame nchi ilivyooza ni babu yake. Huyo naye hana jina, ni Babu basi. Mjukuu amebakiwa na herufi, babu amebakiwa na cheo cha ubabu, na kila kilichokuwa katikati yao, "bin" wa kuwaunganisha, kimekatika. K amekula, amejenga, ametia watoto wake skuli za nje, na hamjui aliyemtangulia. Katika nchi ambayo jina lako la mwisho ndilo la babu yako, riwaya ya babu anayekuja kudai haina haja ya Kafka ili ieleweke.

Halafu ikaja Dunia Yao, 2006, na mhusika anayeitwa Ndi-. Hata herufi haikutimia, ni kiambishi, ni mwanzo wa "ndimi" au "ndiye" ulioachwa ukining'inia. Nakiri kitabu hiki si changu. Nimekisoma mara mbili na mara zote mbili nilichoka katikati, kina mazungumzo mengi juu ya sanaa na kidogo mno juu ya watu. Lakini hilo jina, Ndi-, sijaweza kuliacha. Ni kama mwandishi amekaa mbele ya fomu, akaanza kujaza kisanduku cha kwanza, akasita.

Mzee Muhammed Said Abdulla aliyatangulia haya yote kwa mzaha. Mpelelezi wake wa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960, anaitwa Bwana Msa. Nasi tunasema Msa kwa Musa kila siku, hakuna cha kushangaza. Andika basi herufi za mwanzo za mwandishi: M. S. A. Alikuwa mhariri wa magazeti, alijua saini ni nini. Yeye peke yake katika kundi hili ndiye aliyelichukua jina kabla fomu haijalichukua, akalivisha kofia na kiko, akaliachia litembee vichochoroni mwa Unguja likifumbua mauaji.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo, na kwa Mohamed Suleiman Mohamed bei yake inaonekana. Tafuta uhakiki wa Kiswahili juu ya Kiu unaojitegemea, usiokuwa sura moja ndani ya kitabu kuhusu "riwaya ya Zanzibar" ambamo Said ana sura tatu na Adam Shafi mbili. Utahangaika. Waulize wauza vitabu vya mitumba Darajani wakupe Kicheko cha Ushindi, watakupa Arusi ya Buldoza, ya Said, na watakwambia ni mwandishi huyohuyo, mzee chukua.

Tiba yake haina gharama. Wanafunzi, andikeni majina matatu ndani ya matini, si katika marejeo peke yake. "Mohamed Suleiman" na "Said Ahmed" yanatosha pia, na ndivyo ambavyo baba zao wangewaita. Wahariri wa majarida, ikiwa kanuni zenu za Ulaya zinakataa, zivunjeni kwa Wazanzibari, kama zinavyovunjwa kwa watu wa Iceland, ambao nao wana majina ya baba na hupangwa kwa jina la kwanza bila mtu kulalamika. Na mchapishaji yeyote mwenye haki za Nyota ya Rehema, tafadhali, kitoe tena, jina la mwandishi liwe kamili na kubwa juu ya jalada, Mohamed mbele na Mohamed nyuma, na Suleiman katikati asisahaulike, maana yeye ndiye anayewatenganisha.